Chati ya Alhamisi

Kwa miaka tisa nilikuwa katibu wa chama chetu kule Hallunda, na kwa miaka yote tisa hakuna aliyewahi kunipigia makofi. Silalamiki. Katibu hapigiwi makofi, huulizwa ufunguo uko wapi na kama kahawa imekwisha. Lakini nataka mjue mapema, kabla sijafika kwenye nililolifanya, kwamba binti yule alipigiwa makofi siku yake ya kwanza kwenye kamati, tena kwa kazi iliyomchukua muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai.

Chama chenyewe ni cha watu tunaokutanishwa na Kiswahili, na pengine si kitu kingine chochote: Wakenya kama mimi, Watanzania, Wakongo, Warundi, na Waganda wawili watatu. Wengi wetu tunaishi kwenye laini nyekundu ya metro, mimi nikiwa Vårby gård, vituo vinne kutoka ukumbini. Mume wangu ndiye aliyenileta nchi hii ya Waswidi. Kazi niliitafuta mwenyewe, katika nyumba ya wazee, zamu ya jioni, na huko mpaka leo naitwa "yule wa jioni". Katika mji huu wote, ukatibu ndio kitu pekee nilichopewa bila kujaza fomu. Wanawake waliinua mikono, wakaniita Katibu, na jina likanikaa. Mtu akinipigia simu akasema, "Katibu, habari za asubuhi," mgongo wangu hunyooka wenyewe.

Moyo wa chama ulikuwa Alhamisi ya akina mama, saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Mtauliza kwa nini asubuhi. Ni kwa sababu wanawake wetu wengi husafisha maofisi. Huingia alfajiri kabla ya wenye ofisi, na hurudi jioni wenye ofisi wakishaondoka, na katikati hapo ndipo wanapopata kupumua. Walikuja pia waliokuwa kwenye likizo ya uzazi, wakisukuma vigari vya watoto, na wachache waliostaafu. Kulikuwa na bibi mmoja wa Burundi, mjane, aliyetoka Jordbro kwa treni hadi mjini, akabadilisha, akapanda metro mpaka kwetu. Safari ya zaidi ya saa nzima, na nyingine ya kurudi. Mara nyingi nilimkuta mlangoni kabla sijafika na ufunguo, ameshika mfuko wa maandazi. "Siku zingine naongea na televisheni," aliniambia mara moja, wala hakuwa anafanya mzaha.

Mlangoni palikaa daftari langu. Daftari kubwa la jalada gumu, kila mtu na mstari wake: jina, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Sheria ilikuwa moja, na niliitunga mimi. Saa ziliandikwa kwa Kiswahili. Simu yako inasema kumi na dakika kumi. Ukifika mlangoni unaigeuza kichwani na kuandika 4:10. Nilitaka angalau karatasi moja katika nchi hii ihesabu mchana kuanzia jua linapochomoza, ingawa Desemba jua la huku huchomoza likijisikia. Mama mmoja Mkongo aliwahi kunibishia.

"Katibu, kwetu Lubumbashi tunasema saa kumi, comme tout le monde, kama watu wote."

"Kwenu Lubumbashi ni kumi, dada. Kwenye daftari langu ni nne."

Aliandika nne, amenuna, na tangu hapo hakubisha tena mtu.

Mwezi wa kumi ikaja barua kutoka kwa wenye ukumbi. Ukumbi ule tulikuwa tumepewa Alhamisi nzima tangu zamani, bila mtu kutuuliza tunaingia lini na kutoka lini. Sasa vyama vimekuwa vingi, wakasema, na saa zitagawanywa upya. Kila chama kieleze kinautumia ukumbi saa ngapi na kwa watu wangapi, na ikiwezekana kwa mchoro. Kisha kutakuwa na kikao cha kuzungumza. Nilipoisoma barua ile nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilijiona nimesimama kwenye kikao hicho na daftari langu mkononi.

Kamati yetu ilikuwa mwenyekiti, mimi, na yeyote aliyepatikana siku hiyo. Mwenyekiti ni Mkongo, dereva wa basi, mtu mwema mwenye sauti kubwa. Yeye Alhamisi asubuhi huwa barabarani, kwa hiyo habari za akina mama alizijua kwa kuambiwa tu. Jumapili moja mchana alikuja kwenye kamati na binti wa miaka ishirini na sita, mzaliwa wa hapa hapa, wazazi wake watu wa Kigoma. Nilimjua kwa mbali: alikuwa akifundisha watoto ngoma Jumamosi jioni. Kumbe siku nyingine zote alikuwa mjini, kwenye ofisi moja ambako kazi yake ni kugeuza namba kuwa picha.

"Shikamoo mama," aliniambia.

"Marahaba," nikasema, nikitazama kompyuta yake nyembamba kama sinia.

Alikuwa na orodha ya watoto wa ngoma kwenye programu ya majedwali, safuwima mbili tu: mwezi, na idadi ya watoto. Akaburuta kidole, seli zikapata rangi. "Asså, yaani, ni rahisi tu. Unachagua hizi, unabonyeza hapa, na basi." Nguzo zikasimama, za rangi ya chungwa, kila mwezi na nguzo yake, Mei fupi na Septemba ndefu. Akabonyeza tena, nguzo zikalala zikawa mstari unaopanda. Akabonyeza tena, zikawa duara lililokatwa vipande. Akarudi kwenye nguzo, akaandika kichwa cha habari juu, akafuta vijistari vya nyuma, akasema macho hayataki kelele.

Mwenyekiti aliinuka. "Mais c'est magnifique! Miaka yote hii tulikuwa gizani!"

Na akapiga makofi. Gizani! Na mimi nimeketi hapo, daftari la miaka tisa mapajani. Kisha akaongeza, kwa ule uchangamfu wake ambao hauna ubaya na ndiyo maana unauma zaidi, kwamba mwezi wa tatu kuna mkutano mkuu na uchaguzi, na ingekuwa vizuri chama kipate katibu wa kizazi kipya. "Dada yetu naye apumzike kidogo, amechoka." Binti alicheka kwa aibu, akasema hapana, hapana, mama yupo. Lakini hakusema hataki.

Sikuwa nimechoka. Nilikuwa na wivu, na sitazunguka mbuyu kwa hilo. Nilivionea wivu vidole vyake. Nilikionea wivu Kiswidi chake kinachotoka bila kuombwa. Nilikionea wivu hata Kiswahili chake kibovu, kwa sababu yeye akikosea watu hucheka kwa mapenzi, nami nikikosea Kiswidi kazini hakuna anayecheka. Watu hunirudishia swali polepole, kama mtu anayemlisha mtoto uji. Nilirudi nyumbani siku ile nikiwa nimekunja uso hadi mume wangu akauliza nani amefariki.

Nikaamua nitajifunza. Kama ni chati, nami nitachora chati, kwani zinachorwa na malaika? Binti yangu ana kompyuta ya shule. Asubuhi akiwa shuleni, siku ambazo haihitaji au ameiacha nyumbani kwa kusahau, niliifungua kwenye meza ya jikoni, nikatazama video za watu wanaoongea haraka, nikasimamisha, nikarudia. Niliandika majina ya akina mama thelathini na mmoja na mara ambazo kila mmoja alihudhuria. Nikachagua duara, kwa sababu duara lilionekana la heshima. Likatokea duara lenye vipande thelathini na kimoja, kila kimoja rangi yake, na pembeni orodha ya majina ndefu kama msafara wa mazishi. Ukitafuta bibi wa Jordbro unampata kati ya zambarau mbili zisizotofautiana. Nikajaribu nguzo. Nilikuwa nimeandika mwaka kwenye safuwima ya kwanza, na programu ikadhani mwaka nao ni idadi ya watu. Ikanichorea nguzo moja ya watu elfu mbili na kitu, na pembeni yake akina mama wangu wote wakawa vijivimbe chini kabisa, havionekani. Nilikaa nikiitazama. Kahawa ikapoa.

Binti yangu alinikuta hapo. Yeye ana miaka kumi na mitano na hunijibu kwa Kiswidi hata nikimwita kula. Alitazama skrini, akaweka mkoba chini, akasema, "Mamma, kwa nini usimwombe yule wa ngoma? Hon är så duktig." Yeye ni hodari sana. Mtoto wangu mwenyewe, ambaye nimemsihi miaka mitatu aje Hallunda akakataa, alikuwa ameanza kwenda Jumamosi kwa ajili ya yule. Nilifunga kompyuta, nikamwambia akanawe mikono.

Novemba yule binti wa ngoma alikuja kuniomba daftari. Alikuja kwa adabu, hata maandazi alileta, ya kununua. Alitaka kupiga picha kurasa za mwaka mmoja, za Alhamisi, aziingize kwenye jedwali. Nilimpa. Nilisimama juu yake akipiga picha ukurasa mmoja baada ya mwingine, na kila alipogeuza nilihisi kama mtu anayefungua kabati langu. Hakuniuliza chochote kuhusu saa. Wala mimi sikumweleza chochote, ila siku hiyo sikuwa na nia mbaya. Haikunijia tu kwamba kuna Mswahili asiyejua.

Wiki mbili baadaye akanitumia kiungo cha jedwali, kwa ujumbe wa simu ninaoukumbuka neno kwa neno. "Shikamoo mama. Nimemaliza chati ya Alhamisi. Naomba uangalie kama saa ziko sawa, sababu mimi Alhamisi sijawahi kuja."

Nilifungua asubuhi, jikoni, peke yangu. Chati ilikuwa nzuri, hilo lazima niseme. Chini kwenye mhimili zilipangwa saa za siku, kuanzia nane za kizungu hadi ishirini na mbili, na juu ya kila saa nguzo ya chungwa ikionyesha wanawake wangapi wako ukumbini. Na upande wote wa kushoto, upande wa asubuhi, palikuwa peupe. Hapakuwa na mtu hata mmoja. Nguzo zote zilijazana kulia, kuanzia saa kumi na sita hadi ishirini.

Nilijua kosa liko wapi kabla sijaketi vizuri. Alikuta 4:10 daftarini. Alikuta 8:00. Kwa mtu aliyekulia hapa, hakuna anayekwenda chamani saa kumi alfajiri, na vyama vyote anavyovijua hukutana watu wakitoka kazini. Kwa hiyo akafikiri ni saa nne ya Waswidi, ya mchana unapoelekea jioni, akaongeza kumi na mbili kwenye kila seli. Angepaswa kuongeza sita. Mama zangu wote, na vigari vyao, na bibi na mfuko wake, wamehamishwa kutoka asubuhi kwenda jioni kwa hesabu moja iliyoburutwa kutoka juu hadi chini.

Kwenye programu ile unaweza kuandika maoni pembeni ya seli. Niliandika: "Hizi ni saa za Kiswahili. Saa nne ni kumi asubuhi. Ongeza sita, usiongeze kumi na mbili." Nikabonyeza kutuma.

Kisha nikabaki nikiyatazama maneno yangu. Niliona litakalotokea. Angesoma, angesema oj oj oj, angebadilisha namba moja, na nguzo zote zingehama kushoto kwa mara moja. Mwenyekiti angepiga makofi tena. Na mimi ningekuwa mtu wa saa za zamani aliyesaidia kidogo. Nikawaza pia kikao cha wenye ukumbi. Binti amesimama mbele na chati yake ya chungwa. Nami nainua mkono polepole, nasema samahani, hapa kuna jambo, nafungua daftari, naeleza, ukumbi mzima unageuka kunitazama. Aliye juu mngoje chini, hunena wahenga. Nilikuwa radhi kungoja wiki chache.

Nikafuta maoni. Hayakukaa pale hata dakika mbili. Nikamjibu kwenye simu: "Safi sana mwanangu. Hongera." Na kidole gumba cha njano.

Tafadhali msidhani nilitaka akina mama wapoteze chochote. Nilitaka kuwaokoa mimi. Nilishajua hata nguo nitakayovaa.

Kikao hakikuwepo. Mwezi wa kwanza mwenyekiti alitupigia simu kwa furaha: wenye ukumbi wameandika kwamba mchoro wetu ni wazi kiasi kwamba hawana haja ya kutuita. Vyama vingine vimeleta karatasi zisizoeleweka, hao ndio walioitwa. "Unaona kazi ya mtoto?" alisema. Nilisema naona. Bado palikuwa na muda. Uamuzi ulitoka wiki tatu baadaye, na katika wiki hizo tatu nilikuwa na simu mfukoni kila siku. Nilipanga kuwapigia wenye ukumbi Jumatatu, nikapanga Jumatano. Kila siku iliyopita ilifanya simu kuwa nzito zaidi, kwa sababu sasa ningelazimika kusema pia kwa nini sikupiga jana.

Barua ya uamuzi ilikuwa fupi na ya kirafiki. Kwa kuwa asubuhi za Alhamisi hatuzitumii, zimepewa chama kingine kwa miaka miwili. Sisi tumehakikishiwa saa zetu za jioni, kumi na sita hadi ishirini, kama tulivyoonyesha.

Ndipo nilipowapigia. Mama aliyepokea simu alinisikiliza kwa upole kabisa. Alisema anasikitika, lakini wenzetu wameshatia sahihi, na tena, alisema, mchoro wenu ulikuwa wazi sana. Nilimweleza habari ya saa za Kiswahili. Alisema inavutia.

Alhamisi ya mwisho ya asubuhi walijaa kuliko siku zote. Mwenyekiti alikuwa ameomba ruhusa kazini aje aeleze, na binti naye alichukua likizo ya siku ile. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuwaona. Alisimama mlangoni karibu na daftari, akatazama vigari vimepangwa ukutani, wanawake na sare zao za usafi chini ya makoti, bibi akigawa maandazi, na saa ya ukutani ikionyesha kumi na robo. Nadhani aliielewa chati yake wakati ule kuliko nilivyoielewa mimi.

"Kosa ni langu," alisema. Kiswahili chake kilimponyoka katikati, akatafuta maneno. "Nilisoma saa vibaya. Niliongeza namba mbaya. Naomba msamaha kwenu wote, jag är så ledsen, nasikitika sana."

Yule mama wa Lubumbashi hakumwacha. "Weye ulituuliza? Si ungepiga tu téléphone! Saa ya jioni miye niko na mop mkononi, nitakuja kufanya nini huku?"

Mwingine, Mkenya mwenzangu, mwenye mtoto mgongoni, akasema, "Hawa watoto wa huku hata saa hawajui kusoma. Kwani Katibu alikuwa na makosa gani hata mkampokonya kazi?"

"Angefanya Katibu haya yasingetokea," wakasema wengine, na wengine wakaitikia.

Binti alinitazama. Mara moja tu, si kwa muda mrefu. Kisha akatazama chini akarudia, "Ni mimi tu. Ni mimi peke yangu." Hakusema nilikutumia uangalie. Hakusema ulijibu safi sana. Ujumbe ulikuwa kwenye simu yake, umbali wa kidole, na hakuutoa. Nilijikaza kisabuni. Nilisema, nakumbuka vizuri, "Jamani, tusimwonee mtoto," na wanawake wakanisifu kwa hilo pia.

Mkutano mkuu wa mwezi wa tatu ulikuwa mfupi. Jina la binti lilikuwa kwenye orodha ya wagombea wa ukatibu, akaomba liondolewe. Nikabaki peke yangu. Mikono yote ikainuka, vigelegele vikapigwa, na safari hii, kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, makofi nayo yakapigwa. Mwenyekiti aliniomba radhi mbele ya watu kwa kusema nimechoka. Nilisimama nikashukuru.

Baada ya mkutano tulibaki mimi na binti tukipanga viti. Sikuwa nimepanga kusema. Lakini alikuwa akibeba viti vinne vinne, vyangu na vyake, na hilo lilinishinda.

"Mwanangu, nina neno. Ile chati uliponitumia…"

"Yale maoni?" alisema. "Nimeyasoma, mama."

Nilidhani sijasikia. Akaweka viti chini. Faili lile mwenyekiti alikuwa amemfungulia kwa anwani ya barua pepe ya chama, na programu, kila mtu anapoandika maoni, hutuma nakala kwenye anwani hiyo. Ukifuta maoni, nakala hubaki. Mwenyekiti alimpa neno la siri aingie kutafuta barua za zamani, aone kama tunaweza kukata rufaa, na humo ndimo alimokuta maneno yangu, pamoja na tarehe na saa.

"Uliyasoma lini?"

"Alhamisi ile. Asubuhi, kwenye metro, nikija."

"Na hukusema."

"Nilifikiri utasema wewe."

Nikakaa kwenye kiti kimojawapo. Akauliza, bila hasira, kama mtu anayetaka kujua seli gani ina kosa, "Kwa nini ulifuta?"

"Nilikuonea wivu."

"Kwa chati?"

"Kwa makofi."

"Jaha, kumbe," alisema. Kisha akavaa koti lake, akafunga vifungo vyote hadi juu, akasema, "Basi waambie, mama."

"Nitawaambia," nikasema.

Hiyo ilikuwa Machi. Sasa ni Novemba, na mimi bado ni katibu. Jioni za Alhamisi ukumbi ni wetu. Siku za zamu sipo, na siku ambazo sina zamu huenda kufungua, tukawa watatu, wakati mwingine wawili, wenzangu wote wanaume. Ngoma ya watoto ya Jumamosi ilikufa mwezi wa tano kwa sababu mwalimu wake aliacha kuja. Binti yangu hakuniuliza kwa nini. Jumamosi hujifungia chumbani kwake.

Nimejaribu kuwaambia. Kuna kundi la akina mama kwenye simu, na nimeandika ujumbe ule zaidi ya mara moja, mrefu na mfupi, nikaufuta. Hapo hakuna nakala inayokwenda popote.

Bibi wa Jordbro hupiga simu siku za Alhamisi, saa nne asubuhi, saa ambayo angekuwa mlangoni. Haji tena, jioni huogopa barafu na ngazi za stesheni. Tunaongea habari za miguu yake na bei ya unga. Juzi alisema kuna jambo linamsumbua. Amesikia yule mtoto wa chati aliacha chama kwa ajili ya aibu.

"Bado mdogo yule, Katibu. Alikosea tu. Na wewe ndiye uliyekosewa kuliko sisi wote, alitaka hata kiti chako. Lakini una moyo mpana, kila mtu anajua. Nakuomba, kwa ajili yangu mimi mzee, umsamehe."

Nilikuwa nimesimama dirishani. Nilimwambia, "Nimeshamsamehe, bibi."